Silikoni kwenye nywele za asili: chagua kwa kuangalia unavyoosha

Likitajwa neno silikoni, yaani viambato vya utelezi vinavyotiwa kwenye kondishna na serumu za nywele, mbele ya watu wenye nywele za kipilipili, hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosoma lebo kwa wasiwasi na kuirudisha chupa rafuni wakiona jina moja tu linaloishia kwa "-cone". Wapo pia wanaosema tangu waiache, nywele zimekuwa ngumu, zinajifunga mafundo na kukatika kila zinapochanwa. Wote wanasema kweli kuhusu nywele zao. Kinachowatenganisha mara nyingi ni namna wanavyoosha, maana silikoni ileile inaweza kumkausha mmoja na kumwokoa mwingine.

Kwa hiyo kwa kila aina nitakayoigusa hapa nitauliza swali moja: itaondolewa na kitu gani, na je, kitu hicho unakitumia?

Unyevu wenyewe unatoka wapi

Hakuna silikoni inayoleta unyevu. Mafuta ya nazi nayo hayaleti, wala siagi ya shea, wala mafuta ya mgando. Unyevu ni maji, na unywele una uwezo wa kunywa maji hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake. Maji hayo huingia na kutoka kupitia ganda la nje, ambalo limejengwa kwa tabaka nyembamba zilizolaliana mithili ya magamba ya samaki. Juu kabisa ya ganda hilo kuna utando wa asili wa asidi ya mafuta unaoufanya unywele wenye afya usilowe ovyo. Dawa ya kunyooshea nywele huubandua utando huo, na dawa ya kubadili rangi inayofifisha nywele hufanya vivyo hivyo. Ukishaondoka, maji huingia upesi na kutoka upesi.

Nywele zilizojikunja sana zina mzigo wa ziada. Mafuta ya ngozi ya kichwa huteremka kwa shida kwenye unywele wenye kona nyingi, hivyo ncha hukaa kavu hata kwa mtu mwenye afya nzuri kabisa. Halafu kila kona ni mahali ambapo unywele mmoja hukwama kwenye mwingine. Ukipitisha chanuo, kona ndizo zinazokatika.

Hapo ndipo silikoni inapofanya kazi yake halisi: utelezi. Husambaa kwa wepesi, huacha utando mwembamba mno, na hupunguza msuguano kati ya unywele na unywele, na kati ya unywele na chanuo. Mtu ambaye nywele zake "hazikui" mara nyingi zinakua kama za wengine, ila zinakatikia njiani wakati wa kuchana. Kwa mtu huyo utelezi ni jambo kubwa, na ninaona halitendewi haki silikoni inapozungumziwa kama pambo la kung'arisha tu.

Tena, sifa ya "kufungia unyevu" imetiwa chumvi kwa pande zote mbili. Kwenye ngozi, ambako jambo hili limepimwa sana, mafuta ya mgando hupunguza upotevu wa maji kwa zaidi ya asilimia 98, ilhali silikoni huupunguza kwa asilimia 20 hadi 30 hivi. Mvuke wa maji hupenya utando wa silikoni. Kwa hiyo anayesema silikoni inaziba unywele kama plastiki anakosea, na anayeinunua akitumaini itafungia maji kwa siku nne anakosea pia. Maji ya kumiminika ni habari nyingine: tabaka za silikoni zikirundikana, matone hukaa juu ya nywele na kuteleza kabla hayajaingia. Marundo ndiyo yanayokausha, na marundo ni suala la kuosha.

Kuisoma lebo

Majina ya silikoni kwenye lebo huishia kwa -cone, -conol, -siloxane au -silane. Viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi hadi kufikia asilimia 1. Chini ya hapo mtengenezaji anavipanga apendavyo. Alama moja husaidia kukisia mstari huo ulipo: kihifadhi kiitwacho phenoxyethanol, ambacho kwa sheria za Umoja wa Ulaya hakitakiwi kuzidi asilimia 1. Silikoni iliyotajwa baada yake kwa kawaida ni kidogo sana, na sioni sababu ya kuikimbia kondishna nzuri kwa ajili yake. Ikiwa ya pili au ya tatu kwenye orodha, mara baada ya maji, hapo unanunua bidhaa ya silikoni hasa, hata kama mbele ya chupa wamechora parachichi.

Dimethikoni au amodimethikoni

Hizi mbili ndizo utakazokutana nazo zaidi kwenye kondishna, na ndizo zenye tofauti inayostahili kueleweka vizuri.

Dimethikoni ndiyo ya zamani na ya kawaida. Inatengenezwa kwa unene tofautitofauti, kuanzia kimiminika chepesi hadi kitu kizito kama ulimbo. Haiyeyuki majini. Inajipaka popote ilipofikia, penye afya na penye jeraha sawasawa, na ukipaka tena kesho inaongeza tabaka. Faida yake ni utelezi wa uhakika na kinga ya kuaminika dhidi ya msuguano na moto. Kwa nywele ngumu, nene, zenye mafundo makubwa, sijaona kinachoishinda siku ya kuchana. Kasoro yake ni kwamba ikirundikana, nywele nyembamba hulala, hukosa mnyumbuliko, na mikunjo huanza kunyooka kwa uzito.

Amodimethikoni ni dimethikoni iliyoongezewa vikundi vya amini, na vikundi hivyo huipa chaji chanya. Uso wa unywele nao, katika hali ya kawaida ya maji na bidhaa nyingi, una chaji hasi, kwa kuwa hiyo huanza pale pH, yaani kipimo cha uasidi, inapozidi takribani 3.7. Sehemu zilizoharibika zina chaji hasi zaidi. Matokeo yake ni kwamba amodimethikoni huvutwa zaidi kule kunakouma: ncha, sehemu zilizopakwa rangi, sehemu zilizochomwa na pasi. Na ikishatua mahali, chaji yake huizuia kidogo amodimethikoni nyingine isipande juu yake. Hujirundika polepole kuliko ndugu yake.

Basi mbona wengine wanailalamikia zaidi? Kwa sababu ikishashika, imeshika. Chaji ileile inayoipeleka mahali sahihi ndiyo inayoifanya iwe ngumu kung'oka kwa kuosha kwa upole. Kuna dai linalozunguka sana kwamba amodimethikoni ikiandikwa pamoja na trideceth-12 na cetrimonium chloride, basi huyeyuka majini. Si kweli. Viungo hivyo viwili huisaidia kuchanganyika na maji ndani ya chupa. Ikishatua kwenye unywele, inabaki kuwa amodimethikoni. Usipange uoshaji wako kwa kulitegemea dai hilo.

Uamuzi wangu kati ya hizi mbili: kama nywele zako zimepakwa rangi, zilikuwa na dawa na sasa unazikuza, au ncha zimechoka, chukua amodimethikoni kwenye kondishna ya kusuuza. Utapata utelezi mwingi kwa kiasi kidogo, mahali panapouhitaji. Kama nywele hazijaguswa na kemikali, ni nyingi na ngumu, na unazichana mara moja tu kwa wiki siku ya kuosha, dimethikoni inatosha, na huitoa kwa urahisi zaidi ukiwa na shampuu halisi.

Zinazoruka na zinazoyeyuka

Zile zinazoruka, kwa mfano saiklopentasiloksani, zipo kwenye serumu nyingi. Hubeba silikoni nzito, huisambaza sawasawa, kisha zenyewe huyeyukia hewani. Kwa hiyo usiihukumu serumu kwa jina la kwanza kwenye lebo. Tazama la pili, maana hilo ndilo litakalobaki kichwani. Mara nyingi ni dimethikonoli au dimethikoni. Hizi zinazoruka zina tatizo kwa mazingira: hudumu muda mrefu bila kuoza. Tangu 31 Januari 2020 Umoja wa Ulaya umezuia aina mbili, D4 na D5 (D5 ndiyo hiyo saiklopentasiloksani), zisizidi asilimia 0.1 katika bidhaa za kusuuza, na mwaka 2024 ukapitisha kanuni inayozihusisha pia bidhaa za kuacha kichwani, kuanzia Juni 2027. Ukikuta serumu yako ya siku zote imebadilishwa mchanganyiko, huenda sababu ni hiyo.

Zinazoyeyuka majini hutambulika kwa herufi PEG mbele ya jina, kama PEG-12 dimethicone. Namba ikiwa kubwa, kwa kawaida inakubali maji zaidi. Namba ndogo sana inaweza isiyeyuke kabisa. Ni salama kwa asiyependa shampuu kali, hazijirundiki. Ila usitarajie makubwa. Katika kondishna ya kusuuza, sehemu kubwa inaondoka na maji yale yale ya kusuuzia. Ukitaka ikusaidie, itafute kwenye kondishna ya kuacha kichwani, na ujue kwamba mbele ya moto wa pasi haitoi kinga ya kutosha kama dimethikoni.

Silikoni au mafuta na siagi

Wengi wanaoacha silikoni huhamia kwenye mafuta, na wengi hudhani wamehama kutoka kitu kinachorundikana kwenda kitu kisichorundikana. Siagi ya shea ikipakwa mara tatu kwa wiki bila kuosha hujirundika vibaya sana, na mafuta ya nyonyo ni mazito kuliko silikoni nyingi. Nywele zenye marundo ya siagi hukataa maji vilevile. Kwa hilo hakuna mshindi.

Penye tofauti ya kweli, tofauti ni hizi. Mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele, silikoni haipenyi. Utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ni ya nazi pekee yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea kwenye nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada. Kwa hiyo kama shida yako ni nywele kuvimba kwa maji na kudhoofika kila unapoosha, mafuta ya nazi kabla ya shampuu yanafanya kazi ambayo silikoni haiwezi. Hapo sina mjadala.

Silikoni nayo inashinda kwa utelezi unaodumu, kwa moto, na kwa hewa yenye unyevunyevu mwingi, ambamo utando wake unaoyakataa maji huzuia nywele kuvimba na kutimka. Pia haichachi kama mafuta yanavyochacha. Na kwa mwenye mba kuna la zaidi: hamira ya Malassezia inayoishi kwenye ngozi ya kichwa hujilisha kwa asidi za mafuta, na mafuta mengi ya mimea yanazo. Silikoni haiilishi. Lakini hata hivyo usiipake kwenye ngozi ya kichwa. Haina kazi pale. Kazi yake inaanzia katikati ya unywele kwenda nchani.

Si lazima uchague upande mmoja. Mpango ninaoupenda kwa nywele kavu sana ni mafuta ya nazi kabla ya kuosha, kisha shampuu, kisha kondishna yenye silikoni, kisha maji na krimu ya kuacha kichwani isiyo na silikoni kabisa. Kila kimoja kinafanya kazi yake na hakuna kinachorundikana.

Uoshaji ndio unaoamua

Anayeosha kwa kondishna pekee, bila shampuu kabisa, asitumie dimethikoni wala amodimethikoni. Kondishna ina viambato vyenye chaji chanya, na vyenyewe vinakuja kushika kwenye unywele. Haviwezi kuisafisha silikoni iliyokwisha kushika. Njia ya kuacha shampuu na silikoni kwa pamoja, ambayo Lorraine Massey aliieneza kutoka New York kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, ina mantiki kwa sababu hiyo: ukiacha kimoja lazima uache na kingine. Wanaoumia ni wale wanaochukua nusu ya njia, wanaacha shampuu huku serumu ikibaki mezani.

Anayetumia shampuu laini isiyo na salfeti, yaani visafishaji vikali vya povu, yuko mahali pazuri kuliko anavyoambiwa. Imeenea kwamba silikoni haitoki bila salfeti. Shampuu nyingi laini zina kisafishaji kiitwacho cocamidopropyl betaine, nacho hung'oa silikoni nyingi za kawaida, hasa ukitia povu mara mbili na kuipa dakika moja au mbili kabla ya kusuuza. Povu la kwanza hubeba mafuta na vumbi, la pili ndilo linalofika kwenye unywele. Mtu huyu anaweza kutumia dimethikoni kwenye kondishna bila hofu, na akiongeza shampuu ya salfeti mara moja kwa mwezi au zaidi kidogo, hata amodimethikoni haitamsumbua.

Anayeosha kwa shampuu ya salfeti kila wiki, huyo ndiye aliye hatarini akiikosa silikoni. Salfeti husafisha sana, nywele za kipilipili hubaki wazi na zenye msuguano, na bila kitu cha kuteleza chanuo linakuwa adui. Mtu huyu namwambia moja kwa moja: tumia silikoni.

Utajuaje marundo yamefika? Nyunyizia maji kwenye nywele kavu. Yakikaa kama matone na kuporomoka, krimu ikikaa juu kama utando mweupe hata ukisugua, na nywele zikiwa laini kwa kugusa huku zikikatika ukizivuta, osha kwa shampuu ya kusafisha kabla ya kununua bidhaa nyingine ya "unyevu". Kile kipimo cha kuutia unywele kwenye glasi ya maji na kuangalia kama utazama sikiamini: unywele wenye mafuta au silikoni huelea kwa sababu ya hicho ulichopaka, na haukwambii lolote juu ya unywele wenyewe. Na kama maji yako ni ya chumvichumvi, ugumu unaouona huenda ukawa madini yake. Hapo inahitajika shampuu yenye EDTA, kiambato kinachonasa madini. Ya salfeti pekee haitoshi.

Mpangilio wa kupaka

Silikoni ya kuacha kichwani huja mwisho. Ukiitanguliza, maji na gliserini vitakavyofuata vitapata shida kuufikia unywele. Lowanisha kwanza, paka kondishna ya kuacha kichwani yenye gliserini, panthenoli au aloe vera, kisha krimu, kisha matone machache ya serumu kwenye ncha. Katikati ya wiki unapotaka kurudisha unyevu, nyunyizia maji na upake krimu tena, lakini serumu usiirudie. Hapo ndipo watu wengi wanaporundika bila kujua.

Nani achukue nini

Ukinyoosha kwa pasi, hata kama ni mara chache, chukua silikoni isiyoyeyuka majini, na uipake kwenye nywele zilizokauka kabisa au zinazoelekea draya. Unywele wenye maji ukikutana na pasi, maji hayo huchemka ndani yake na kuacha vipovu vinavyouvunja. Silikoni huchelewesha joto, haiondoi joto. Ukizidisha moto juu ya nyuzi 200 za Selsiasi unaiomba kinga isiyokuwa nayo. Usiku ule ule wa kurudi kwenye mikunjo, osha kwa shampuu halisi.

Ukiishi na mikunjo yako wazi, unalowanisha kila siku mbili tatu, na nywele ni nyembamba, PEG au bila silikoni kabisa ndiko kunakokufaa. Nywele nyembamba hazivumilii uzito, na kulowanisha mara kwa mara kunahitaji njia iwe wazi.

Kwa nywele za watoto, ambako kuchana huleta machozi, mimi huchagua kondishna ya kusuuza yenye dimethikoni kidogo na kuichania humo humo bafuni, nywele zikiwa zimelowa na zimejaa kondishna, kuanzia nchani kupanda juu. Maumivu hupungua sana, na mtoto asiyeogopa chanuo hukaa kwa utulivu hadi mafundo yaishe bila kuvutwa.

Na ukielekea kusuka kwa wiki sita au nane, osha vizuri siku ya kufumua na siku ya kusuka, tumia kondishna ya silikoni ya kusuuza ili uchane bila kukata, halafu usipake serumu yoyote chini ya misuko. Muda wote huo utakuwa unanyunyizia maji na kuosha ngozi ya kichwa kwa shampuu iliyopunguzwa makali, isiyofika vizuri kwenye urefu wa nywele zilizofungwa. Chochote kisichoyeyuka utakachokiacha mle kitakaa hadi ufumue. Siku ya kufumua irudishe silikoni: mimina kondishna yenye amodimethikoni kwenye kila fundo la nywele zilizopukutika na uchafu uliokusanyika penye shina la msuko, lifungue kwa vidole kabla ya maji kuligusa, kisha ndipo uoshe kwa shampuu, mara mbili.